Injini ya Jumatatu

Chanika, Handeni
4 Machi 1952

Kwa mwanangu Mhina,

Salamu nyingi baba. Mimi mama yako ni mzima, mgongo tu, nao tumeshazoeana. Dada yako Swaumu amejifungua mtoto wa kike wiki iliyopita, mnene kama boga, analia kama kaonewa. Mahindi yameota vizuri ila nguruwe wameshaanza kuyatembelea. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, sikumwomba mtu. Mwalimu wa darasa la akina mama anasema herufi zangu zimesimama kama askari, sijui ananisifu au ananicheka.

Sasa hebu nikuulize. Jumamosi Matayo wa lori alisimama hapa sokoni kupakia magunia. Akaniita, "Mama Mhina! Injini ya mwanao imekufa tena." Nikamwambia, "Tena? Mara ya kwanza ilikufa lini?" Akajikuna kichwa, akaanza kuyahesabu magunia aliyokwisha kuyahesabu.

Kwa hiyo mtu wa lori anajua habari zako, mimi niliyekuzaa sijui. Niandikie. Usiandike "msiwe na wasiwasi". Wasiwasi ninao, hautoki kwa kuambiwa utoke. Andika kilichotokea. Na je, unakula?

Mama yako,
Mwantumu binti Mdoe

*

Shamba la mkonge, Makuyuni, Korogwe
19 Machi 1952

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako ilikaa kwenye lori siku sita kwa sababu ya matope, Matayo akaniletea imelowa pembeni, lakini nimeisoma yote. Mpongeze Swaumu, na huyo boga mbusu kwa niaba yangu. Mimi ninakula. Chumba changu kimepata bati jipya.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi wa kwanza tuliishusha injini inayozungusha korona, ile mashine ya kuponda mkonge, nami nikapewa kuiunda upya. Unajua korona ikisimama hapa hakuna jani linalopondwa, wala hakuna mtu anayewekewa alama ya siku yake katika kipande, ile kadi ya kazi. Nilifanya kazi ile kama nilivyofundishwa jeshini, kila chombo kwenye kitambaa chake. Tarehe nne Februari tukaiwasha, ikaimba. Baada ya majuma mawili ikaanza kupiga teke na kutoa moshi mweusi, nguvu ikaisha.

Nikueleze kidogo. Ndani yake kuna shafti kubwa inayozungusha gurudumu, na shafti ndogo, sisi tunaiita kamshafti, ambayo kazi yake ni kufungua na kufunga njia za pumzi. Zote mbili zina gia, meno ya hii yanaingia katika meno ya ile, na kuna alama. Alama zikitazamana, injini inavuta hewa kwa wakati wake na kutoa moshi kwa wakati wake. Zikipishana hata kidogo, inakuwa kama mtu anayetaka kumeza na kupiga chafya kwa pamoja. Nilipofungua, zilikuwa zimepishana. Nikarudisha. Baada ya siku chache zikapishana tena.

Bwana Injinia, Mzungu mkubwa wa mashine hapa, anasema niliyahesabu meno vibaya. Ameandikisha karatasi kwamba nimekosea kwa uzembe, anataka nitie sahihi. Mama, meno yale niliyahesabu mara nne. Sitii sahihi.

Na tafadhali, najua moyo wako ulivyo. Usiende kwa yule mzee wa hirizi. Hiki ni chuma, hakirogwi.

Mwanao,
Mhina

*

Chanika, Handeni
2 Aprili 1952

Mwanangu Mhina,

Marahaba baba. Mtoto wa Swaumu amepewa jina la bibi yangu. Nguruwe wamekula mistari mitatu ya mahindi upande wa bonde, nimewawekea debe na mawe linalolia upepo ukivuma. Linatuamsha sisi, nguruwe wamelizoea.

Hapo chini nimeanza neno nikalifuta. Usiliinue kwenye jua kulisoma. Lilikuwa neno la mama mwenye hofu, na mama mwenye hofu si kila neno lake ni la kufuatwa. Nimekaa nalo siku mbili. Kisha nikamkumbuka marehemu baba yako walipomtuhumu kwa mbuzi wa watu. Alipoteza urafiki wa nusu ya kijiji lakini hakusema "nimeiba" ili wamwache apumzike. Basi nikalifuta.

Niambie jambo moja. Injini hii huugua siku gani? Usijibu "siku yoyote". Siku ina jina. Ile mara ya kwanza ilikuwa siku gani, na ya pili siku gani? Usiniulize ni nani ananiuliza.

Mtu akisema hujui kuhesabu, mwambie mama yako alikufundisha kwa punje za mahindi, na ulipokosea ulilala bila kuzila.

Mama yako

*

Makuyuni
27 Aprili 1952

Mama,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, nisamehe. Kazi imebadilika kidogo. Huku mvua imepungua. Yohana jirani yangu amehamia Vugiri kulima, amesema mkonge umemchosha kuutazama.

Najua ni nani anayeuliza siku. Ni yule mzee wa hirizi, nami nilikuomba usiende! Umempa nini? Jogoo? Nilikasirika, nikaikunja barua yako nikaiweka chini ya godoro, nikakaa juma zima bila kuitazama.

Kisha nikachukua daftari langu la kazi, ili tu nikuandikie kwamba siku hazina maana. Mara ya kwanza, tarehe 18 Februari, Jumatatu. Mara ya pili tarehe 26, Jumanne asubuhi, ila ilianza kupiga teke toka Jumatatu usiku. Mara ya tatu, maana imetokea ya tatu, tarehe 24 Machi, na hiyo niliikaza kwa spana ndefu tukiwa watu wawili, ikastahimili karibu mwezi. Jumatatu.

Mama, nilikaa na daftari mapajani nikicheka peke yangu.

Sikiliza. Toka Jumatatu hadi Jumamosi injini haizimwi, watu wanapokezana zamu. Jumapili tu ndiyo inalala. Jumatatu imepoa, haiwaki mpaka gurudumu kubwa lizungushwe kwa kamba hadi kwenye alama, ndipo inafunguliwa hewa ya kuiwasha. Wanaovuta ni watu wanane, wanaimba, wanavuta kweli. Zamani walisimama kwenye chumba cha upande wa kulia, na gurudumu likaenda mbele kama injini yenyewe inavyokwenda. Mwezi ule ule nilipokuwa naiunda, Bwana Injinia alikifanya chumba hicho stoo, akakijaza mapipa ya mafuta. Sasa wanasimama upande wa kushoto, na gurudumu linarudi nyuma.

Gia ya shafti ndogo imeshikwa na nati. Nati ile, injini ikienda mbele, inajikaza. Ukiirudisha nyuma kwa nguvu za wanaume wanane, unailegeza. Na kile kipande cha chuma kinachoizuia gia isiteleze juu ya shafti kimelika. Niliomba kipya, nikaambiwa cha zamani kinatosha.

Hayo ni mawazo, bado si ushahidi. Stefano, yule anayeipaka injini mafuta, atanichorea mstari kwa msumari juu ya nati na gia. Atautazama Jumamosi kabla injini haijalala, na Jumatatu wakishavuta. Tutaona mistari inaachana lini.

Mwambie mzee wako asidhani amepatia.

Mwanao,
Mhina

*

Chanika
11 Mei 1952

Mhina,

Salamu baadaye.

Kwa nini Stefano? Injini ni yako. Kwa nini wewe usiuchore huo mstari, usiutazame kwa macho yako? "Kazi imebadilika kidogo." Kidogo namna gani?

Na barua umeiandika kwa penseli, herufi zimeyumba kama za mlevi, nawe hunywi. Karatasi ina doa la damu pembeni. Swaumu anasema ni udongo. Mimi nimekufulia nguo miaka kumi na minane, damu yako naijua.

Mkono wako una nini? Uko wapi mwanangu?

Ndiyo, nilimpa jogoo. Yule mwekundu mgomvi, hata hakuwa na faida. Sitamrudia tena, lakini sitasema nilikosea kwenda. Ungetaka nifanye nini, nikae nikitazama debe la nguruwe?

Mama yako

*

Makuyuni
30 Mei 1952

Mama yangu,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Naomba uisome hii ukiwa umekaa.

Toka mwisho wa Machi niko porini nakata mkonge. Miiba ndiyo iliyoutia mkono wangu alama, hakuna zaidi ya hapo. Sikukuambia kwa sababu niliogopa utapanda lori la Matayo na kikapu chako, uje umkabili Bwana Injinia mbele ya watu. Usiseme hungefanya hivyo.

Waliletewa fundi kutoka Tanga, mtu mwenye vyeti. Akaifunga yeye, kwa mkono wake, meno akayahesabu yeye. Tarehe 21 Aprili, Jumatatu, ikapishana tena. Bwana akasema ni kwa sababu mimi niliiharibu tangu mwanzo. Fundi yule akanitazama, akatazama viatu vyake, akarudi Tanga.

Stefano ameangalia Jumatatu tatu mfululizo. Kila Jumamosi anauchora upya, mstari mmoja, ulionyooka. Kila Jumatatu baada ya kuvuta, mistari miwili, imeachana upana wa uzi. Siku za katikati haisogei hata chembe.

Basi juzi asubuhi, watu wanaitwa majina, nikatoka kwenye mstari. Nikasema, "Bwana, si meno. Ni kamba."

Akasema, "Kamba imeanza lini kuhesabu meno?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka nao, maana ilichekesha kweli. Kisha nikaeleza yote, stoo, nati, mistari ya Stefano. Kicheko kikaisha. Nilimwona Ponsiano, kiongozi wa wavuta kamba, anazungusha mkono hewani, mbele, nyuma, anafikiri.

Bwana akawa mwekundu. Stoo ni amri yake, unaona. Akasema, "Stoo haihami. Tia sahihi, utapata spana zako leo hii. Usipotia, utakata mkonge mpaka uishe."

Nikamwambia, "Mkonge hauishi, Bwana. Basi tutazoeana."

Sasa watu wamegawanyika. Korona ikisimama, wao ndio wanaokosa siku katika kipande, na wako wanaosema ningetia tu sahihi mambo yakatulia. Karani Laurenti, yule wa kwetu Chanika, ananiomba kila siku kwa machozi. Nimechoka mama. Lakini nikitia sahihi, sitaweza tena kumwambia mtu yeyote injini yake inaumwa nini. Atanionyesha karatasi.

Mhina

*

Chanika, Handeni
15 Juni 1952

Mwanangu Mhina,

Marahaba, marahaba sana. Tunafunga vizuri. Wewe usifunge na panga mkononi kwenye jua lile, utalipa siku zako baadaye, Mungu anaona miiba. Nakutumia mafuta ya nyonyo, upake mikononi kabla ya kulala. Mahindi tumeshavuna, yaliyosalia.

Ni kweli, ningekuja na kikapu. Lakini imekuwa Laurenti ndiye aliyekuja kwangu.

Alifika Alhamisi mchana, shati jeupe, jasho linamtoka. Nikampikia, yeye Mkristo hafungi. Akala tonge mbili akasukuma sahani. "Mama," anasema, "nimeleta jambo la heri." Akatoa bahasha kubwa ya ofisi.

Nikamwambia, "Heri inakuja kwenye bahasha siku hizi?"

Akasema, "Mama Mhina, wewe unajua desturi yetu. Mzazi akitangulia, mtoto anafuata. Nimemwambia Bwana hivyo, nimemwambia mama yake akiweka dole hapa, Mhina atatia sahihi siku ya pili yake. Arudi kwenye injini, sote tupumue."

"Isome," nikasema.

Akasoma. Mimi Mhina nimefunga gia za injini vibaya kwa uzembe wangu.

"Isome tena."

Akasoma tena, sauti ikipungua. Nikamwambia, "Laurenti, mwanangu, wewe na Mhina mmekula sahani moja kwangu mpaka mkaota ndevu. Unaamini hayo unayoyasoma?"

Akainyoosha karatasi juu ya goti. Kisha akasema, "Mama, mimi ni karani tu. Kuamini si kazi yangu."

Sikumkasirikia, maskini. Ana watoto wanne, na shati lile ni la kazi ile. Akafungua kibati cha wino, akanishika mkono taratibu kama anamshika bibi kipofu. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Nikauvuta mkono wangu.

"Funga hicho kibati. Nipe kalamu."

"Kalamu ya nini, mama?"

"Nipe kalamu."

Akanipa. Nikaiweka karatasi juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaandika chini, pale walipoacha nafasi ya dole: Mwanangu hakukosea. Vuteni kamba upande wa zamani. Mimi mama yake, Mwantumu binti Mdoe, Chanika.

Laurenti akashika kichwa. "Mama! Umeharibu karatasi ya ofisi!"

"Basi ipeleke hivyo hivyo ilivyoharibika. Na umalizie chakula, kinapoa."

Alikula, akiwa na machozi. Kisha akaikunja karatasi, akaitia kwenye bahasha, akaondoka. Sijui kama ataifikisha au ataitupa mtoni. Kama nimekuharibia, nisamehe. Lakini sikuweza kuweka kidole changu juu ya neno lile. Kidole hiki ndicho kilichokulisha uji.

Niandikie upesi.

Mama yako

*

Makuyuni, Korogwe
22 Julai 1952

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai Idi ilikuwa njema na boga limevaa gauni nililolituma.

Laurenti hakuitupa. Aliificha kwenye meza yake siku saba, akaja kwangu porini kuniambia, tukakaa kwenye reli ya toroli tukaisoma. Siku iliyofuata Bwana akaidai, ikabidi aitoe.

Bwana akauliza, "Nani kaandika haya?"

"Mama yake, Bwana."

"Yanasema nini?"

Kiswahili cha kuamrisha anacho, cha kusoma hana. Laurenti akasoma. Dirisha la ofisi lilikuwa wazi, na nje wavuta kamba walikuwa wanasubiri vipande vyao. Stefano anasema Laurenti alisoma kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Sikujua anayo sauti hiyo.

Jumatatu ya tarehe 30 Juni, injini imepoa, kamba iko sakafuni, hakuna aliyeishika. Bwana akaja. Ponsiano akamwambia, "Leo tunavuta upande wa zamani."

"Kuna stoo."

"Tumeiona, Bwana."

Wakaanza kuyabingirisha mapipa. Moja, la pili, la tatu, wanaimba ule ule wimbo wa kamba, mpaka yote ishirini na mawili yakakaa uani juani. Bwana akasimama hapo, kofia mkononi. Angefanya nini? Wanane wale akiwafukuza, nani angeiwasha? Wakasimama kwenye chumba cha upande wa kulia, wakavuta, gurudumu likaenda mbele, injini ikashika.

Zimepita Jumatatu nne. Mstari wa Stefano ni mmoja.

Wiki iliyopita nimerudishiwa spana zangu, bila neno, ziliwekwa tu mlangoni kwangu zimefungwa gunia. Kile kipande cha chuma kipya kimekuja pia. Katika taarifa yake Bwana ameandika kwamba injini "imetulia". Halafu, utacheka, akaniita tena. Anataka faili lifungwe. Akaniambia nisitie sahihi ile ya uzembe, nitie nyingine, kwamba sababu ya hitilafu haikujulikana.

Nikamwambia, "Inajulikana, Bwana."

Akasema niende kazini. Nikaenda.

Sasa nauliza shauri lako. Karatasi yako bado imo kwenye faili, na jina lako liko chini ya maneno yale mabaya. Laurenti anasema anaweza kuichomoa, akaichana, pasijulikane. Nimwambie afanye hivyo? Sipendi jina lako likae humo.

Mwanao,
Mhina

*

Chanika, Handeni
5 Agosti 1952

Mwanangu Mhina,

Marahaba baba. Gauni limemtosha, ila limebana tumboni. Nimelia kidogo juu ya barua yako, Swaumu akanicheka, nikamfukuza akachote maji.

Juu ya hiyo karatasi, asiichane. Mwambie Laurenti aiache hapo hapo, na asitafute kujifanya shujaa mara mbili, ana watoto. Siku atakapokuja Bwana mwingine akafungua hilo faili kutafuta nani aliiharibu injini, atakuta hujatia sahihi wewe, na atakuta nimetia mimi, chini ya maneno yangu. Atauliza huyu ni nani. Watamwambia.

Mimi sikuiandika gizani ile, niliandika mchana, mbele ya karani, kwa kutulia, hata herufi moja sikuikosea.

Kula vizuri.

Mama yako,
Mwantumu binti Mdoe